Uzi: Kabla hujaniuliza bei ya makalio, pitia kwanza wadi ya vidonda

SistaThieta (Nakuru)

Wanajukwaa, salaam.

Tangu niseme humu kwamba nafanya kazi thieta upande wa upasuaji wa plastiki, kikasha changu kimejaa swali moja: "Sista, makalio ni pesa ngapi?" Wengine wanauliza tumbo la baada ya mtoto wa tatu. Wengine pua. Kuna kijana wa Section 58 aliyetaka vishimo vya mashavuni kabla ya Krismasi. Siwacheki, na nitawajibu huko mbele. Lakini wiki iliyopita nilishika zamu tano na sikuona kalio hata moja mezani. Niliona mguu, mguu, mkono wa mtoto, mdomo uliong'atwa kwenye busaa, mguu, halafu mguu tena.

Leo niko ofu, mvua imeshika Lanet tangu alfajiri, nguo hazikauki. Acha niandike.

Kwanza jina. Mzee mmoja wa Elburgon alikataa katakata kutia sahihi fomu: "Mimi sitaki mguu wa ndoo." Tulicheka, lakini hakuwa amekosea kuuliza. Neno lenyewe, plastiki, ni la Kigiriki, maana yake ni kufinyanga. Daktari Mjerumani Karl Ferdinand von Graefe alikuwa analitumia kwa upasuaji wa pua mwaka 1818, na wakati huo hakukuwa na mtungi wa plastiki duniani. Ndoo ndiyo iliyokuja baadaye ikachukua jina. Sisi tunafinyanga nyama ya mtu mwenyewe: ngozi ya paja inakwenda mkononi, msuli wa shavu la mguu unageuzwa kufunika muundi.

Sasa huo muundi ndio nataka mwelewe, maana ndio unaokula siku zetu. Kijana anatoka Njoro na nduthi (pikipiki), lori linamsukuma, mguu unavunjika chini ya goti na ngozi inavuka kama soksi. Daktari wa mifupa anaweka vyuma vya nje, mfupa unanyooka vizuri. Shida ni kwamba unaonekana. Mfupa mweupe, nje, kama jino.

Watu huuliza, si mpandikize ngozi tu? Haishiki. Ngozi ya kupandikiza inanyofolewa nyembamba sana pajani, inapitishwa kwenye mashine inayoitoboa vitundu mpaka inafanana na wavu wa omena, kisha inalazwa juu ya kidonda. Haina mshipa wake wa damu, inakula kutoka chini. Ukiilaza juu ya nyama nyekundu, siku ya tano ukifungua bandeji unaiona imekuwa ya waridi na unaweza kuimba. Ukiilaza juu ya mfupa mkavu au chuma, siku ya tano unafungua unakuta kitu cha kijivu kinachoteleza, na harufu inakuambia kabla ya macho.

Kwa hivyo mfupa unataka nyama inayokuja na damu yake. Hiyo ndiyo tunaiita flapu. Juu karibu na goti kuna msuli wa kugeuza. Katikati pia kuna msuli. Chini, karibu na kifundo, hakuna kitu, ni ngozi na mfupa tu. Hapo mara nyingi daktari analazimika kukata nyama pajani au mgongoni pamoja na mishipa yake, kuihamisha, na kuunganisha mishipa ya milimita mbili tatu kwa uzi mwembamba kuliko unywele, jicho likiwa kwenye hadubini. Inachukua saa sita, saa nane, wakati mwingine zaidi. Nimewahi kusimama mpaka miguu yangu mwenyewe ikataka flapu.

Na hapa ndipo kiini cha uzi wangu kilipo, kwa hivyo msiniruke. Flapu ile haifi mezani. Inafia wadini. Mshipa wa kurudisha damu ukiziba, nyama inageuka zambarau na kuvimba, na kuna saa chache tu za kuirudisha thieta. Lazima mtu aitazame kila saa usiku kucha: rangi, joto, abonyeze kidole aone damu inarudi haraka kiasi gani. Saa tisa usiku mtu huyo ni muuguzi mmoja mwenye wagonjwa arobaini na tochi ya simu. Nimekuwa muuguzi huyo. Hospitali sitaitaja.

Mwaka 1986 Marko Godina, daktari wa Ljubljana, alichapisha kazi yake juu ya wagonjwa 532 na kuonyesha kwamba jeraha la namna hii likifunikwa ndani ya saa 72, flapu zinazokufa ni chache sana na usaha haupati nafasi. Saa 72. Miguu inayotufikia sisi hesabu yake ni ya wiki.

Nitaendelea, nageuza ugali.

---

JamaaWaKondele (Kisumu)

Sista, huo mguu ni mimi.

Niligongwa pale Mamboleo na probox, saa moja jioni, nikiwa na abiria. Abiria hakuumia, namshukuru Mungu. Mimi niliangalia chini nikaona mfupa wangu na mavumbi juu yake. Vyuma vya nje viliwekwa usiku huohuo, sina lawama hapo. Baada ya hapo nikakaa wiki tano. Kila asubuhi sista anakuja na maji ya chumvi, anaosha, anafunga. Wagonjwa wa vitanda vya karibu walikuwa wanageuka upande mwingine kwa sababu ya harufu. Hiyo iliniuma kuliko chuma.

Wakaniambia daktari wa kufunika yuko mbali, itabidi nihamishwe. Ndugu zangu wakafanya harambee, nikauza nduthi, nikapelekwa. Walinigeuzia nyama ya shavu la mguu, wakaweka ngozi ya paja juu. Kwa taarifa yenu, paja ndilo liliuma. Kidonda chenyewe hakikuuma kama paja.

Leo natembea. Mguu una nundu kama mkate uliofura upande mmoja, watoto wa dada yangu wanaugonga wakisema hodi. Lakini niulize: kwa nini wiki tano? Hapa Kisumu tuna Russia, hospitali ya rufaa nzima iliyojengwa na Warusi na kufunguliwa 1969, tuna chuo cha udaktari Maseno. Hawa madaktari wa kufunika wako wapi?

---

SistaThieta (Nakuru)

Pole sana kaka, na hongera kwa kutembea. Nundu hiyo hupungua msuli ukikaa bila kazi, na ikikusumbua kwenye kiatu inaweza kupunguzwa.

Wako wapi? Wengi wako Nairobi. Hesabu mwenyewe njia yao: miaka 6 ya shahada, mwaka wa intani, miaka kadhaa mashinani, halafu mitano mingine ya ubingwa. Wengine hupitia Chuo Kikuu cha Nairobi, wengine COSECSA, kile chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa 1999. Hicho hakina madarasa, unasomea hospitalini ukifanya kazi: miaka 2 ya upasuaji wa jumla, kisha 3 ya plastiki. Mtu anamaliza akiwa na miaka thelathini na kitu, ana watoto, ana mkopo wa sako. Kaunti inamwandikia barua ya kazi. Anafika anakuta hakuna hadubini, wembe wa kunyofolea ngozi ni butu na vya kubadilisha vimekwisha, thieta anapewa Alhamisi moja kwa wiki, na hiyo Alhamisi umeme ukipotea basi. Anakaa mwaka, anaosha vidonda. Ukimlaumu akienda zake wewe hujawahi kukaa bila vifaa.

Ndio maana nasema habari ya saa tisa usiku. Mkituletea bingwa peke yake, bila wauguzi wa kukesha, bila mtu wa nusukaputi, bila fiziotherapia, mtakuwa mmenunua dereva bila gari.

---

DaktariMdogo (Eldoret)

Sista, shikamoo. Niko mwaka wa pili baada ya intani na natafuta ubingwa wa kusomea. Plastiki iko juu kwenye orodha yangu, na nitasema ukweli kwa sababu humu hatujuani: sijui kama inanivuta kazi au inanivuta pesa.

Tuliingia kazini katikati ya kelele za mishahara ya intani. Mgomo wa 2024 ulikuwa siku 56. Waliotutangulia wanasimulia ule wa siku 100, 2016 kuingia 2017. Ukishaishi hivyo, halafu mtu akuonyeshe kliniki ya urembo Nairobi yenye kiyoyozi na maua mapokezini, moyo unasita. Darasani tulifundishwa takwimu za Lancet za 2015, kwamba watu bilioni 5 duniani hawafikii upasuaji salama wa bei wanayoimudu. Sawa, najua. Lakini bilioni 5 hawalipi kodi yangu ya nyumba.

Swali langu: mtu anaweza kufanya yote mawili? Asubuhi majeraha ya moto, jioni matumbo? Au ni kujidanganya?

---

SistaThieta (Nakuru)

Marahaba daktari. Swali zuri, na jibu lake ni la zamani kuliko sisi.

AMREF mnaijua, ndege za madaktari. Ilianzishwa 1957 na watu watatu: Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees. Wote watatu walikuwa wapasuaji wa plastiki! Watu wengi hawajui hilo. McIndoe ndiye aliyewashona marubani wa Uingereza waliochomeka nyuso kwenye Vita vya Pili. Rees alifanya upasuaji wa urembo New York, wa wale wa kukunjua nyuso za matajiri. Mtu wa kukunjua nyuso za matajiri ni mmoja wa walioanzisha kitu kilichopeleka madaktari kwa ndege mahali ambapo barabara haifiki. Kwa hivyo mikono miwili hii ilikuwa ya mtu mmoja tangu mwanzo. Mkono unaopunguza tumbo umejifunzia mahali palepale panapofunika muundi.

Lakini usijidanganye kuhusu saa. Anayeanza na matumbo mawili kwa wiki anaishia na sita, kwa sababu mwenye tumbo ameweka miadi na amelipa, na mwenye kuungua hana simu. Nimefanya kazi na daktari mmoja aliyeweka sharti lake mwenyewe: Jumanne na Alhamisi ni za hospitali ya umma, hata mteja alie. Amelishika. Na nimefanya na mwingine aliyekuwa anatuma ujumbe kila Alhamisi kwamba yuko njiani.

---

MamaPendo (Busia)

Naomba kuuliza, sijui kama ni mahali pake.

Binti yangu alizaliwa na mdomo sungura. Nyanya yake alisema nilicheka mtu nikiwa mjamzito. Mwingine akasema ni kupatwa kwa jua. Sikuwa na amani mwezi wote, mtoto hawezi kunyonya, maziwa yanatokea puani, namlisha kwa kijiko. Ndipo mhudumu wa afya wa kijiji akaniambia kuna madaktari watakuja kambi, wanashona bure. Wakashona. Nilipoletewa mtoto nilidhani wamenibadilishia. Mdomo ulikuwa mzuri mpaka nikalia.

Sasa ana miaka sita, yuko gredi ya kwanza, na anaongea kama puani. Mwalimu haelewi, wenzake wanamwiga. Juu ndani ya mdomo kuna tundu. Hakuna aliyeniambia kuna upasuaji wa pili, au waliniambia na sikusikia, siku hiyo nilikuwa nimechanganyikiwa. Nimechelewa?

---

SistaThieta (Nakuru)

Mama Pendo, ni mahali pake kabisa. Na hukucheka mtu. Vipande vya uso wa mtoto hujiunga katika miezi ya kwanza ya mimba, mapema kuliko wengi wanavyoanza kliniki, na mara nyingine haviungani. Kuna mambo ya damu ya ukoo, kuna ya lishe na dawa, na mara nyingi sababu haijulikani. Jua halimo.

Utaratibu ni huu. Mdomo hushonwa mtoto akifika kama miezi mitatu. Sisi tuna kanuni ya kumi kumi kumi: wiki 10, ratili 10 za uzito (kama kilo nne na nusu), na kiwango cha damu (hemoglobini) 10. Kaakaa hushonwa baadaye, kama miezi tisa hadi mwaka na nusu, kabla mtoto hajaanza kuzungumza sana. Ndiyo, umechelewa kwa wakati unaofaa zaidi, lakini hujachelewa kufanyiwa. Miaka sita kaakaa hufungwa. Kitakachobaki ni mazoezi ya kuongea, na hapo nitasema wazi: walimu wa matamshi huku kwetu ni wa kutafuta na taa mchana. Kuna akina mama wanaofundishwa mazoezi na kuyafanya nyumbani na mtoto, kutamka pa-pa-pa akiwa ameziba pua, na inasaidia.

Kuhusu kambi nina maneno mawili yanayopigana. Bila kambi, Pendo angeingia shule na mdomo wazi. Operation Smile, shirika la kambi za kushona midomo, lilianza kuja nchini miaka ya themanini. Smile Train, iliyoanzishwa 1999, yenyewe hupendelea kulipia hospitali za hapa na madaktari wa hapa ili kazi iwe mwaka mzima, na mimi upande huo ndio wangu. Kambi inakuja wiki moja, inashona midomo, inapigwa picha, inaondoka. Kaakaa lina subira ya mwaka, kambi haina. Nani anabaki na faili?

---

Mkosoaji_K (Kakamega)

Mulembe. Nimesoma yote na bado nasema hii kazi ni ya matajiri. Mnatuletea hadithi za miguu ili tusiseme kuhusu wale wanawake wanaokufa Nairobi wakivutwa mafuta. Na muda si mrefu roboti na akili mnemba zitafanya yote, mtabaki na mikasi yenu.

---

Njeri_Milimani (Nakuru)

Wewe bwana hujabeba mapacha.

Mimi nilikata tumbo na sioni haya. Baada ya uzazi wa tatu ngozi ilikuwa imening'inia kama aproni, chini yake vipele na harufu kila msimu wa joto, misuli ya katikati imeachana, mgongo unauma. Nilijinyima miaka miwili nikaweka pesa. Bima iliandika ni urembo. Sawa, nililipa. Nilikuwa na bingwa wa kweli, thieta ya kweli, nililala hospitalini siku mbili. Sista, waeleze watu tofauti, kwa sababu mimi niliona matangazo ya watu wanaotaka kunivuta mafuta kwenye ghorofa ya nyumba za kupanga, nirudi nyumbani na Uber.

---

SistaThieta (Nakuru)

Njeri asante. Na Mkosoaji, hoja yako ya kwanza sitaikwepa.

Mafuta yakivutwa tumboni na kudungwa makalioni, hatari yake ni mahali sindano inapofika. Ndani ya msuli wa kalio kuna mishipa minene. Mafuta yakiingia humo yanakwenda moyoni na kwenye mapafu, na mtu anaweza kufa palepale mezani. Mwaka 2017 kamati ya wapasuaji wa Marekani ilikadiria kifo kimoja kwa kila upasuaji 3,000, idadi kubwa ajabu kwa kitu ambacho mtu angeweza kuishi bila kukifanya. Wakaagiza mafuta yabaki chini ya ngozi, juu ya msuli. Hapo ndipo bingwa anapotofautiana na mwenye mashine. Mwaka 2024 mteja alifariki Nairobi na Baraza la madaktari likaifunga kliniki, mlisoma magazetini.

Hatari nyingine haisemwi: dawa ya ganzi. Wanaovuta mafuta bila nusukaputi hujaza tumbo maji yenye ganzi, na kiwango kikipita kile kinachofaa kwa uzito wa mtu, degedege inakuja, moyo unasimama. Kwenye ghorofa ya nyumba za kupanga nani ana oksijeni?

Kwa hivyo wale wa kikasha changu, bei siwapi. Nawapa maswali ya kumuuliza daktari. Jina lako liko kwenye rejista ya Baraza, na ubingwa ulioandikwa pale ni upi? (Rejista iko mtandaoni, ni dakika mbili.) Nani atanipa nusukaputi? Nikiharibikiwa saa tisa usiku nakwenda wapi, na nani atapokea simu? Daktari akikasirikia swali la tatu, chukua mkoba wako.

"Daktari wa urembo" si cheo cha ubingwa. Mtu huenda akahudhuria kozi ya wikendi, akanunua mashine, akafungua ukurasa. Hii ndiyo inayowakosesha mabingwa usingizi kuliko roboti. Jamaa wa wikendi anaharibu, na aliyeharibiwa analetwa hospitali ya umma, anachukua kitanda cha Jamaa wa Kondele.

Roboti? Sawa. Ziko zinazoshona mishipa midogo huko Ulaya. Ikifika, itakuta muuguzi mmoja na wagonjwa arobaini.

---

Mwalimu_Molo

Sista, umetaja majeraha ya moto kwa mbali. Mimi ni wa Sachangwan. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilianguka, watu wakaenda kuchota, likalipuka. Walikufa zaidi ya mia. Lakini hakuna anayeandika kuhusu waliobaki. Nilifundisha mtoto ambaye baba yake hakuweza tena kushika jembe, vidole vilikuwa vimejikunja ndani ya kiganja kama anashika sarafu.

---

SistaThieta (Nakuru)

Mwalimu, nimekaa dakika kadhaa kabla ya kujibu.

Kidonda cha moto kikipona chenyewe, kovu linavuta. Hiyo ndiyo tabia yake, linavuta mwaka mzima na zaidi. Likiwa kwenye kiganja, vidole vinajikunja. Kwenye kwapa, mkono hauinuki. Shingoni, kidevu kinashuka mpaka kifuani. Yote hayo yanazuilika kwa kupandikiza ngozi mapema, kumfunga kibao vidole vikiwa vimenyooka, mazoezi, na nguo ya kubana inayovaliwa karibu mchana na usiku kwa miezi. Vitu vya kuchosha, visivyo na jina kwenye gazeti.

Nilikuwa na msichana wa miaka kumi na minne, kifafa, aliangukia jiko. Kidevu kilikuwa kimeshikana na kifua, mdomo wa chini umevutwa, mate yanatiririka, halali chali. Tuliandika fomu. Ikarudi kutoka kwa bima moja, imeandikwa kwa kalamu nyekundu: "urembo". Niliiangalia fomu ile nikamwangalia yule mtoto anayeshindwa kutazama juu. Daktari aliandika barua tatu. Barua ya tatu alibandika picha. Walikubali.

Ndio maana nasema jina la kazi yetu linatudhuru. Tangu Oktoba 2024 bima ya taifa ni SHA badala ya NHIF, na vita ni vilevile, kueleza kwamba kunyoosha shingo ni matibabu.

Na kwa kuwa wazazi wanasoma: mtoto akimwagikiwa uji, maji baridi yanayotiririka dakika 20, hata kama mnachelewa gari. Yanafaa mpaka saa tatu baada ya kuungua. Si dawa ya meno, si unga, si yai, si samli. Tunavibandua vyote hivyo mtoto akipiga kelele.

---

Arap_Litein (Kericho)

Swali dogo. Baba yangu ana masikio ya zamani, yale yaliyotobolewa na kuvutwa. Anataka yafungwe, anasema wajukuu wanapitisha kalamu. Inafanyika?

---

SistaThieta (Nakuru)

Hahaha. Inafanyika mzee wangu, kwa ganzi ya sindano tu, nusu saa kila sikio. Muulize kama ana kovu lolote lililowahi kuvimba likawa kama njegere au zaidi. Ngozi zetu hupenda kuota keloidi, hasa masikioni, na ukiikata ovyo inarudi kubwa kuliko ya kwanza. Kama ana historia hiyo, aseme kabla, apangiwe na sindano za kulilainisha.

---

DaktariMdogo (Eldoret)

Sista, nimesoma mpaka usiku. Nimewaza kitu ambacho si hadubini. Nyinyi mnaokesha na flapu, nani aliwafundisha?

---

SistaThieta (Nakuru)

Hakuna. Nilifundishwa na flapu iliyokufa.

Ilikuwa ya mama mmoja anayetoka Bahati, muuza mboga. Saa nane usiku niliiona imeanza kuwa na weusi kidogo pembeni, nikajiambia ni taa. Saa kumi nikapiga simu. Tangu hapo nimechora kadi yangu mwenyewe, rangi nne, safu ya saa, mahali pa kuweka sahihi, na kwenye kadi nimeandika kwa herufi kubwa PIGA SIMU HATA KAMA NI TAA. Ninawafundisha wanaoingia wadini. Wawili kati ya sita niliowafundisha wameshaenda Uingereza kufanya kazi ya uuguzi, na siwalaumu.

Ukisoma plastiki, njoo na hiyo akili ya kuuliza muuguzi.

---

JamaaWaKondele (Kisumu)

Sista tuma picha ya hiyo kadi. Shemeji yangu ni muuguzi huku, nitampelekea.

---

SistaThieta (Nakuru)

Nitaipiga picha kesho nikiingia. Ina doa la chai, msinicheke.

---

MamaPendo (Busia)

Na mimi Sista, nije lini?

---

SistaThieta (Nakuru)

Nimekuandikia kikashani siku ya kliniki na jina la mahali. Njoo na kadi yake ya kliniki, na karatasi yoyote uliyopewa kambini hata kama imechanika. Mkilala kwa ndugu usiku wa kuamkia mtafika mapema. Mpe uji kabla ya kutoka, siku ya kwanza ni kuangaliwa tu na foleni ni ndefu.